Hisa za teknolojia hazina msimu wa mavuno

Mwaka 2025 uliwaaibisha watu wa kalenda, wale wanaoamini kila mwezi una tabia yake sokoni, na ile aibu imezaa kosa jipya ambalo mi naona ni baya kuliko la kwanza. Kumbuka ilivyokuwa. Mwezi wa nne mwanzoni Trump katangaza ushuru wake, tarehe 3 na tarehe 4 Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za Marekani kilichojaa kampuni za teknolojia, ikaporomoka karibu asilimia 6 kila siku, halafu tarehe 9 akaahirisha sehemu kubwa ya huo ushuru na Nasdaq hiyohiyo ikaruka asilimia 12 kwa siku moja. Watu wamechoka roho, Mei inabisha hodi, na kila grupu la hisa nililomo likaanza kusambaza ule msemo wa zamani, uza Mei ukapumzike. Aliyeutii alikaa pembeni akaiangalia Nasdaq ikitoka pointi 17,400 na ushee mwisho wa Aprili mpaka 23,700 na ushee mwisho wa Oktoba, yaani asilimia 36 imempita mlangoni hata hodi haikumpigia. Ikaja Septemba, mwezi unaosemwa ndo kaburi la hisa za teknolojia, ikapanda zaidi ya asilimia 5. Ikaja Novemba, mwezi ambao kalenda inasema haya sasa rudi sokoni, ikashuka. Yaani kila kitu kinyume, kama vile mtu kaishika karatasi juu chini.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Walewale waliokuwa wanatuma chati za Septemba nyekundu sasa wanatuma maneno mengine, kwamba akili mnemba imeua misimu, kwamba zamani kalenda ilikuwa inafanya kazi ila mchezo umebadilika. Mi siko upande wowote kati ya hizi mbili. Hakuna kilichokufa 2025, kwa sababu kile watu walichodhani kipo hakikuwahi kukaa pale walipokuwa wanakitafuta. Kampuni za teknolojia zina msimu wa biashara, tena mkali kuliko wengi wanavyofikiria, ila msimu huo uko kwenye mauzo. Bei ya hisa ni kitu kingine. Kwenye bei kinachofanana na msimu ni tarehe za habari tu, na tarehe ya habari inakwambia lini patatikisika, haikwambii patatikisikia upande gani. Ukichanganya hivi vitu vitatu, mauzo, bei na tarehe, utapoteza hela mwaka ambao kalenda imekosea na utapoteza pia mwaka ambao kalenda imebahatisha, kwa sababu utaiamini zaidi.

Hizi hadithi za kalenda zimetoka mbali, sio za mitandaoni. Ya Januari iliandikwa na Sidney Wachtel mwaka 1942, wakaja wasomi Rozeff na Kinney mwaka 1976 wakapiga hesabu ya soko la New York kuanzia 1904 mpaka 1974 wakakuta Januari inalipa wastani wa takriban asilimia 3.5 wakati miezi mingine haifiki hata nusu asilimia. Ya Mei ilianzia London, matajiri wakiuza hisa waende mashambani kiangazi, na msemo wenyewe ulikuwa na mkia ambao siku hizi watu wameukata: usirudi mpaka siku ya mbio za farasi za St. Leger. Sasa hizo mbio zinakimbizwa Doncaster mwezi wa tisa. Hebu fikiria hapo kidogo. Msemo wa asili unakurudisha sokoni katikati ya Septemba, mwezi uleule ambao hadithi nyingine ya kalenda inakwambia kimbia. Ikabidi msemo urekebishwe, ukasogezwa mpaka mwisho wa Oktoba, na ukishasogezwa ukakubaliana na takwimu vizuri kabisa. Bila shaka ungekubaliana, umepimwa na fundi yuleyule aliyechukua vipimo vya mteja.

Ila niwe muungwana, upande wa kalenda una hoja nzito na sio sawa kuwacheka tu. Nzito kuliko zote ni ya watafiti Bouman na Jacobsen, walioangalia nchi 37 wakachapisha matokeo mwaka 2002, wakakuta nchi 36 soko linalipa zaidi Novemba mpaka Aprili kuliko Mei mpaka Oktoba. Nchi iliyogoma ilikuwa New Zealand peke yake. Hiyo sio kitu cha kupuuza na mpaka leo wasomi hawajakubaliana kwanini iko hivyo. Ongeza na pesa zenye ratiba: mifuko mingi ya uwekezaji Marekani inafunga hesabu zake tarehe 31 Oktoba kwa hiyo mameneja wanasafisha nyumba kabla ya hapo, Desemba watu wanauza hisa zenye hasara ili wapunguze kodi, Januari bonasi na michango ya pensheni inaingia inatafuta pa kukaa. Hizi ni pesa za kweli za watu wa kweli. Mtu akiniambia pesa hizo zinaisukuma bei kidogo mi sibishi. Ninachobisha ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwa hiyo na wewe unaweza kuchuma hapo kwa kuangalia ukuta kalenda inasemaje.

Kwanini? Hapa ndo nataka tukae kidogo, na naomba twende Kibaigwa. Anayeijua Kibaigwa anajua, pale barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, soko la mahindi, malori yamepanga foleni, vijana wana gunia mgongoni na vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Mahindi yana msimu wa bei na hakuna anayebisha. Yakivunwa bei inalala, ukifika Januari na Februari ghala za watu zimeanza kulia, bei inasimama. Kila mtu anajua, mkulima anajua, dalali anajua, hata mtoto anayeuza maji pale stendi anajua. Sasa jiulize swali moja, kama kila mtu anajua kwanini watu wote wasinunue mwezi wa saba wauze mwezi wa pili mpaka ile tofauti iishe? Kwa sababu kuyatoa mahindi mwezi wa saba ukayafikisha mwezi wa pili ni kazi. Unataka ghala lisilovuja, unataka gunia, turubai, dawa, mlinzi, na juu ya yote kuna dumuzi, yule mdudu aliyeingilia Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini, wenyewe wakamwita skania. Unaweza ukaweka gunia kumi ukakuta unga. Tena unahitaji kuwa na hela ambayo hutaigusa miezi saba, na mkulima ana madeni ya mbolea, ana mtoto anaenda shule, hawezi kusubiri. Ile tofauti ya bei kati ya Julai na Februari ni malipo ya ghala, ya dawa, ya hasara ya dumuzi na ya uvumilivu. Msimu wa mahindi haufi kwa sababu kuuua kuna gharama.

Hisa haina dumuzi. Hisa ya Microsoft uliyonunua mwezi wa tisa haihitaji turubai ili ifike Januari. Kuihifadhi ni karibu bure, na anayetaka kuihifadhi sio mkulima mwenye madeni peke yake, ni mifuko yenye mabilioni ya dola na mashine zinazonunua kabla hujafumba jicho. Kwa hiyo kama kila mtu anajua Januari bei itapanda, watu hawasubiri Januari, wananunua Desemba, na Desemba ikishapanda wa Novemba anasema kwanini nisiwahi, na hivyo hivyo mpaka ule mteremko unasawazishwa hakuna kilichobaki cha kuchuma. Ndicho kilichoipata hadithi ya Januari, baada ya wasomi kuitangaza ikaanza kufifia, na siku hizi kuikuta kwenye hisa kubwa za teknolojia ni kubahatisha. Watafiti McLean na Pontiff waliwahi kupima jambo hili kwa upana mwaka 2016, wakachukua mbinu karibu mia moja za kushinda soko zilizowahi kuandikwa na wasomi, wakakuta baada ya kuchapishwa faida yake inapungua kwa asilimia 58. Yaani siri ikishaandikwa zaidi ya nusu yake imeliwa. Sasa siri iliyoandikwa mwaka 1942, ikafika mpaka kwenye stetasi ya shemeji yako mwaka 2025, unadhani imebaki na nyama kiasi gani?

Mtu atasema sawa ila kampuni zenyewe si zina msimu, si tunaona? Ndiyo, tena sana. Chukua Apple. Mwaka wake wa fedha wa 2024 iliingiza dola bilioni 391, na katika hizo karibu bilioni 120 ziliingia miezi mitatu tu, Oktoba mpaka Desemba 2023, ambayo ni asilimia 30 na kitu kwa robo moja ya mwaka. Simu mpya zinatoka Septemba, Krismasi inafuata, ni msimu wa mavuno haswa. Kwa hiyo hoja inakuja kirahisi, nunua Agosti kabla ya simu, uza Februari baada ya Krismasi. Hii ndo hoja dhaifu kuliko zote na ndo inayopendwa kuliko zote, kwa hiyo tuifungue taratibu.

Septemba 2012 iPhone 5 imetoka, foleni nje ya maduka New York, London, watu wamelala barabarani na mablanketi, wikiendi ya kwanza zimeuzwa zaidi ya milioni 5. Hisa wakati huo ilikuwa imegusa dola 700. Msimu wa mavuno ukaenda vizuri, tarehe 23 Januari 2013 kampuni ikatoa hesabu za robo ile: mapato dola bilioni 54.5, faida dola bilioni 13.1, simu milioni 47.8, rekodi ambayo haikuwahi kuonekana kwao. Kesho yake hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, na ilipofika Aprili ilikuwa chini ya dola 400. Sasa jamaa aliyekuwa kwenye foleni na blanketi alipata simu yake akaondoka kafurahi, na jamaa aliyenunua hisa kwa sababu ya ile foleni alipoteza zaidi ya shilingi nne katika kila kumi. Foleni ilikuwa ya kweli, mauzo yalikuwa ya kweli, faida ilikuwa ya kweli. Ila kila mtu alikuwa anajua Krismasi inakuja, bei ilikuwa imeshaila hiyo habari tangu Septemba na ikataka zaidi, na lilichokiona soko Januari ni kwamba ukuaji umeanza kupoa. Hisa hailipwi kwa mavuno, inalipwa kwa tofauti kati ya mavuno na yale watu waliyokuwa wameshayategemea, na matarajio ya watu hayana masika wala vuli.

Tuje Septemba sasa, maana bila kuigusa hii watu hawatanielewa. Ni kweli ukichukua Nasdaq tangu ianze 1971 Septemba ndo mwezi wa mwisho darasani, wastani wake ni hasara, ingawa hasara yenyewe haifiki asilimia 1. Lakini angalia hiyo hasara imetoka wapi. Septemba 2000, 2001, 2002, 2008 na 2022, kila moja Nasdaq ilishuka zaidi ya asilimia 10. Ukizijumlisha hizo tano unapata zaidi ya 60, gawanya kwa Septemba 55 zilizopita mpaka 2025, inakuja zaidi ya asilimia 1. Yaani miezi mitano peke yake inatosha kubeba hasara yote ya mwezi huo kwa zaidi ya nusu karne na chenji ikabaki. Najua mtu atanishika hapo aseme unatoa mbaya unaacha nzuri, mbona hutoi Septemba 1998 au 2010 zilizopanda zaidi ya asilimia 10, na ana haki, mi siziondoi kwenye hesabu, nasema zitazame moja moja. Ya 2001 ni mashambulizi ya tarehe 11, soko lilifungwa mpaka tarehe 17. Ya 2008 ni benki ya Lehman kufilisika tarehe 15. Ya 2022 ni mfumuko wa bei uliogoma kushuka na benki kuu ya Marekani ikapandisha riba kwa asilimia 0.75 mara ya tatu mfululizo. Ya 2000 na 2002 ni povu la dot-com, yaani bei za kampuni za intaneti zilizofura kupita kiasi, likipasuka, na povu lile halikuchagua mwezi, Novemba 2000 ilishuka zaidi ya asilimia 20, Februari 2001 ikashuka zaidi ya asilimia 20, na hizo zote ni miezi ambayo kalenda inasema kaa ndani ule. Niambie katika sababu hizo ni ipi iliyosababishwa na Septemba.

Halafu kuna hili la kuwa wa mwisho. Weka wanafunzi kumi na wawili warushe sarafu mwaka mzima, mwisho wa mwaka panga matokeo, lazima mmoja awe wa mwisho, na ukimuita mzazi wake utapata na maelezo, huyu hafanyi mazoezi, huyu anakaa nyuma. Tukiwa na miezi kumi na mbili lazima mmoja ushike mkia, na ukishika mkia watu wanatunga sababu. Wasomi Sullivan, Timmermann na White waliandika mwaka 2001 kuhusu hatari hii hii, kwamba ukishajaribu kanuni nyingi sana za kalenda kwenye data ileile utaokota tu zinazong'aa, na ukihesabu na zile ulizojaribu ukatupa, mng'ao unaisha. David Leinweber, mtafiti wa masoko, kwa utani wake alionyesha uzalishaji wa siagi Bangladesh, ukiuongezea jibini la Marekani na idadi ya kondoo, unavyofuatana na soko la hisa la Marekani kwa asilimia 99. Alikuwa anakejeli, na bado kuna watu walimpigia kuuliza siagi ya mwaka huu ikoje.

Maelezo ya hali ya hewa nayapita haraka. Kuna wasomi walioandika mwaka 2003 kwamba siku zikifupika watu wanapata huzuni ya giza wanaogopa hatari, wanauza. Inavutia, ila Singapore jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima kama Mombasa, na Singapore ilikuwa ndani ya zile nchi 36.

Na hii mpya ya akili mnemba kuua misimu ni kosa lilelile limevaa shati jingine. Aliyeamini kalenda kwa sababu ya wastani wa miaka hamsini angalau alikuwa na miaka hamsini. Huyu anaizika kwa mwaka mmoja. Mbona kalenda ilishachana na hesabu zamani tu kabla hata watu hawajaisikia ChatGPT? Mei mpaka Oktoba 2020, katikati ya korona, Nasdaq ilipanda zaidi ya asilimia 20. Novemba 2021 mpaka Aprili 2022, msimu wenyewe wa kula, ikashuka asilimia 20. Ukimwambia mtu wa kalenda mambo haya anakwambia hizo zilikuwa hali za pekee, na mi nauliza mwaka gani sokoni haukuwa na hali ya pekee.

Sasa kile ambacho kalenda inakijua kweli. Kampuni hizi zinatoa hesabu kwa ratiba, nyingi mwisho wa Januari, wa Aprili, wa Julai na wa Oktoba, Nvidia, kampuni ya chipu za akili mnemba, yeye mwaka wake wa fedha unaisha mwisho wa Januari kwa hiyo anakuja nyuma ya wenzake, mwisho wa Februari, wa Mei, wa Agosti, na Novemba. Siku hizo bei zinaruka, hiyo ni kawaida unaweza kuitegemea. Ila ruka ya upande gani? Angalia Meta, wenye Facebook, mi sijaona mfano mzuri kuliko huu. Tarehe 3 Februari 2022, siku moja baada ya hesabu, hisa ilianguka asilimia 26, thamani ya zaidi ya dola bilioni 230 ikayeyuka kabla ya chakula cha jioni. Tarehe 2 Februari 2023, wiki ileile, kampuni ileile, bosi yuleyule, ikapanda asilimia 23. Tarehe 2 Februari 2024 ikapanda asilimia 20 baada ya kutangaza gawio lake la kwanza, yaani faida inayogawiwa wenye hisa. Mtu aliyejifunza kutoka mwaka wa kwanza kwamba Februari ni mbaya kwa Meta alikosa mara mbili mfululizo, na angejifunza kutoka miaka hiyo miwili kwamba ni nzuri angekuwa anarudia ujinga uleule na tabasamu. Kalenda ilipatia tarehe zote tatu. Mwelekeo haikuwa na habari nao. Na Nvidia Novemba 2025 ilitoa mapato ya dola bilioni 57 kwa robo moja, asubuhi hisa ikapanda, jioni ikafunga imeshuka na Nasdaq nzima ikaenda nayo. Na ile tarehe 27 Januari 2025, DeepSeek, akili mnemba ya Wachina, ilipofanya Nvidia iangukie asilimia 17 na karibu dola bilioni 600 zipotee siku moja, haikuwepo kwenye kalenda ya mtu yeyote.

Kwa sisi tunaonunua hisa hizi kwa apu tukiwa Dar au Nairobi mambo haya yana uzito wa ziada ambao mtu wa Ohio kule Marekani hana. Yeye akiuza Mei akanunua Novemba anahamisha dola kuwa dola. Sisi wengi tukitoa tunarudisha kwenye shilingi, tunakatwa kwenye kubadilisha, tunakatwa kwenye kutoa, Novemba tunakatwa tena kwa kurudi, na hapo hujagusa kama shilingi imepanda au imeshuka katikati. Ile faida ya kalenda hata kama ingekuwepo ni ndogo, na njia yetu ya kwenda na kurudi inaweza kuila yote kabla soko halijafunguliwa. Ile sababu ya kodi ya Desemba haituhusu pia, Marekani mgeni asiyeishi kule haimtozi kodi ya faida ya kuuza hisa kwa kawaida, inachotukata ni gawio, asilimia 30, maana Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani. Yaani tunaiga densi ya watu wenye sababu ambazo sisi hatuna.

Msimu tulionao sisi ni wa mfukoni. Januari, Wakenya wanaiita Njaanuari na hawajakosea, ada inadaiwa, sare, madaftari, kodi ya nyumba, na ndo mwezi ambao watu wetu wengi wanauza hisa kwa lazima, siku chache kabla kampuni hazijatoa hesabu za Krismasi au siku moja baada ya kuanguka. Jamaa yetu mmoja kwenye grupu, mwalimu, Februari ile ya 2022 aliuza Meta tarehe 3 jioni kwa sababu mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Alipotuandikia hatukumjibu kwa chati. Mtu mmoja aliandika pole kaka, basi. Kama kuna kalenda ya kubandika ukutani ni hiyo, tarehe zako za kuhitaji hela ukizilinganisha na tarehe zao za hesabu, na ada ikawa imetolewa kando tangu Oktoba.

Yuleyule mwalimu juzi kaniuliza, mkuu, hivi tusubiri Septemba ngapi ndo tujue kama huu mwezi ni mbaya kweli au tunasingizia. Nikampigia hesabu ya darasani kwake. Nasdaq kwa mwezi inatikisika kama asilimia 6 juu au chini. Ili uiamini hasara ya wastani wa asilimia 1 kwamba sio bahati mbaya tu, unataka mtikisiko ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miezi, ufike nusu asilimia, yaani hasara iwe mara mbili ya mtikisiko uliobaki. Sita gawanya kwa kumi na mbili ni nusu, na kumi na mbili ni kipeuo cha pili cha 144. Septemba 144. Mpaka 2025 zimepita 55, na hasara yenyewe ni ndogo kuliko asilimia 1 kwa hiyo hata 144 hazitoshi, ila tuseme zinatosha. Akahesabu kwenye simu akanirudishia jibu: Septemba ya 144 ya Nasdaq ni ya mwaka 2114.